Dawa za kusomea na kukeshea: maswali ninayoulizwa dirishani

Famasi yangu iko upande wa Nyegezi, Mwanza, kwa hiyo foleni yangu ni ya mchanganyiko: wanachuo wa Malimbe, madereva na makonda wa stendi, wavuvi wa dagaa, manesi wanaotoka zamu ya usiku. Wote wananiita dokta ingawa mimi ni mfamasia, na wengi wao, kila mmoja kwa maneno yake, wanataka kujua jambo moja: kuna cha kumeza ili kichwa kifanye kazi zaidi, au usingizi usije? Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia. Soma unalolihitaji, jambo lililokwisha kuelezwa nimelitajia namba yake.

## Mwanzo kabisa

1. "Dawa za akili" ni zipi hasa?

Ni chochote anachotumia mtu ambaye haumwi, si ili apone, bali akumbuke zaidi, azingatie zaidi au akae macho zaidi. Kuna vya dukani: kahawa, chai, vinywaji vya enaji, hata ugoro. Kuna dawa za cheti: methilfenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin na ilitengenezwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1944, amfetamini, kongwe kuliko zote, ya mwaka 1887, modafinili, iliyotoka Ufaransa, na pirasetamu, ya Ubelgiji, mwaka 1964. Halafu kuna vilivyopigwa marufuku, na hapa kwetu kinachoulizwa zaidi ni mirungi (swali la 8).

Methilfenideti hupewa mtu mwenye ugonjwa wa kushindwa kutulia na kuzingatia. Modafinili ni ya mtu anayeangushwa na usingizi mchana kweupe, hata akiwa anaongea na wewe. Mwanachuo mzima wa afya anayekaribia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, hakuwa kwenye hesabu ya walioziidhinisha.

2. Zinafanyaje kazi?

Chukua kafeini. Kadiri unavyokaa macho, kitu kinachoitwa adenosini hujikusanya kwenye ubongo. Kikikaa kwenye siti zake, usingizi unakuja. Kafeini inafanya kama abiria mjanja wa daladala: inawahi siti. Adenosini haijashuka, imesimama kwenye korido inasubiri, na wengine wanazidi kupanda. Kafeini ikishuka, wote wanakaa kwa mpigo. Ndiyo maana uchovu wa alfajiri baada ya kukesha kwa kahawa huwa mzito kuliko uliouahirisha jana.

Methilfenideti na amfetamini zinaongeza dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo. Modafinili nayo inagusa dopamini. Matokeo yake ni kwamba kazi ya kuchosha inaanza kuonekana tamu. Shika neno hilo, kuonekana, maana tutalirudia.

3. Kwa hiyo zinaongeza akili kweli?

Kwa mtu anayesinzia, zinamsogeza karibu na hali yake ya kawaida. Kwa mtu aliyelala vizuri, faida ni ndogo na haitabiriki.

Mapitio ya mwaka 2015, yaliyochambua tafiti 24 za modafinili kwa watu wazima wa afya, yalikuta inasaidia kiasi kwenye kupanga na kufanya maamuzi magumu. Kwenye kumbukumbu, ambayo ndiyo mwanachuo anaitaka, haikuwa na uhakika wowote. Mwaka 2017 wacheza sataranji walipewa modafinili, methilfenideti au kafeini: wakafikiri muda mrefu zaidi kwa kila hatua, na wakapoteza michezo kwa kuishiwa muda. Aliyewahi kusikia msimamizi akisema "zimebaki dakika tano" naye yuko swali la pili, anaijua picha hiyo.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2023. Watu 40 walipewa fumbo la begi: kuna vitu vingi, kila kimoja kina uzito na thamani yake, chagua vya kujaza bila kuvuka uzito uliowekwa. Mtu wa Ukerewe anayepakia mtumbwi kwenda mnadani analifanya fumbo hilo kila wiki. Waliomeza methilfenideti, modafinili au dawa ya jamii ya amfetamini walitumia nguvu nyingi zaidi, wakahamishahamisha vitu mara nyingi zaidi, na ubora wa jibu ukashuka. Tena wale waliokuwa juu ya wastani bila dawa ndio walioelekea kuporomoka chini ya wastani walipomeza.

4. Mbona rafiki yangu anaapa zilimsaidia?

Anasema kweli kuhusu alivyojisikia. Kwenye chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, vijana 46 wazima walipewa chumvi za amfetamini na, siku nyingine, kidonge kisicho na kitu. Vipimo vilionyesha tofauti ndogo sana, lakini wenyewe waliamini wamefanya vizuri zaidi siku ya dawa.

Mimi sihitaji kwenda Pennsylvania. Nikiwa chuoni nililamba vijiko vitatu vya kahawa ya unga, vikavu, nikashushia na soda, nikapiga msuli mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi niliandika kurasa nne ambazo mpaka leo naamini zilikuwa nzuri. Swali lilitaka tofauti ya dawa mbili. Mimi nikaeleza historia ya moja. Nikapata sapu, yaani kurudia mtihani.

## Vya kila siku

5. Kahawa kiasi gani haina shida?

Kwa mtu mzima asiye na tatizo la moyo au presha, kiwango kinachokubalika ni kama miligramu 400 za kafeini kwa siku nzima. Mjamzito asizidishe 200. Kikombe cha kahawa cha kawaida kina kama 80 hadi 100, chai karibu nusu ya hapo.

Muda nao una uzito wake. Nusu ya kafeini inachukua kama saa tano kutoka mwilini. Ukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu bado unayo, na wewe umelala unashangaa mbona usingizi hauna ladha.

6. Na kahawa ya kutafuna ya Bukoba?

Hiyo siisemi vibaya, nina Wahaya kwenye familia. Ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, anakaribishiwa mgeni, na abiria wa meli ya Bukoba wanaijua. Ila kumbuka kwamba kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Unapotafuna unameza buni nzima, si maji yaliyopitia kwenye unga. Mfuko mzima kwa usiku mmoja ni nyingi.

7. Vinywaji vya enaji je?

Kopo dogo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini ya kikombe kimoja cha kahawa, kama miligramu 80, na sukari ya kutosha. Kopo moja halina maajabu wala balaa. Tatizo ni kopo la nne, na tatizo kubwa zaidi ni kuchanganya na pombe: kafeini inakuficha kwamba umelewa, haikutoi ulevi.

8. Mirungi ni majani tu, si ndiyo?

Ni majani yenye kathinoni, ambayo kikemia ni ndugu wa amfetamini. Kenya ni zao halali, ndiyo maana wanaovuka mpaka wanachanganyikiwa. Tanzania ni dawa ya kulevya kwa sheria ya mwaka 2015, kuilima, kuiuza, kuisafirisha na kuitumia. Usiniulize bei.

9. Samaki anaongeza akili? Mlonge? Jinko?

Samaki ni chakula kizuri, na dagaa wetu wana madini ya chuma, zinki na kalsiamu ambayo wengi tunayakosa. Mtu aliyepungukiwa damu akila vizuri na kutibiwa, kichwa chake kitachangamka kweli. Lakini ukiwa umeshashiba na damu iko sawa, sato wa pili hakuongezei maksi.

Mlonge unaouzwa kwenye basi kwa magonjwa arobaini, kumbukumbu ikiwemo, mwachie muuzaji na spika yake. Jinko, dawa ya majani inayosifiwa kwa kumbukumbu, ilipimwa kwa wazee zaidi ya 3,000 Marekani, majibu yakatoka 2008: haikuzuia ugonjwa wa kusahau.

## Dawa za cheti

10. Utaniuzia bila cheti? Nalipa zaidi.

Hapana. Methilfenideti na amfetamini zimo kwenye jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Modafinili nayo ni ya cheti. Na hapo sijagusa leseni yangu, ambayo ninaipenda kuliko elfu kumi yako.

11. Nimepata mtu anazo, ananitumia kwa basi. Nitajuaje kama ni zenyewe?

Hutajua. Kijana mmoja alinionyesha picha ya strip kwenye simu, saa tatu usiku, akiwa amekwisha meza mbili. Jina lilikosewa herufi moja, na hakukuwa na namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. Alikuwa anatetemeka midomo, anataka nimwambie amemeza nini. Kwa macho, kidonge cheupe ni kidonge cheupe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi ya kanda hapa Mwanza; dawa ya kutilia shaka ipelekwe huko, isijaribiwe tumboni. Ukishaimeza kama huyu, nenda swali la 20.

12. Madhara yake ni yapi?

Kukosa usingizi, hamu ya kula kupotea, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, presha kupanda, wasiwasi. Zile za jamii ya amfetamini zinaleta uraibu, na mwenye historia ya kuchanganyikiwa anaweza kurudishwa huko. Modafinili mara chache sana inaleta vipele vikali vya kuchubua ngozi, ambavyo ni dharura. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza ibaki kwa wagonjwa wa kuangushwa na usingizi tu.

Dada zangu, hili huwa haliandikwi kwenye meseji za wauzaji: modafinili inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na vijiti pia. Hali hiyo inaendelea mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuacha. Na imehusishwa na kasoro kwa mtoto aliye tumboni. Hesabu hizo mbili pamoja.

13. Nahisi kweli nina ugonjwa wa kutotulia. Nami nikatazwe?

Hapana, na tafadhali usione aibu. Mtu mzima anaweza kuwa nao bila kujua. Nenda kliniki ya afya ya akili, simulia tangu utotoni, upimwe. Ukiandikiwa, unatibiwa, na karibu nusu ya ukurasa huu haikuhusu.

## Haki, dhambi na nani anafaidika

14. Kumeza kabla ya mtihani ni udanganyifu?

Vyuo vimegawanyika. Chuo kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2011 kiliandika kwenye kanuni zake kwamba kutumia dawa ya cheti usiyoandikiwa ili kuongeza maksi ni udanganyifu. Vingi vingine havisemi kitu. Upande wa pili, mwaka huohuo wa 2008 ambao jarida la Nature lilichapisha hoja ya wasomi kwamba watu wazima waruhusiwe kwa utaratibu, liliwauliza pia wasomaji wake. Wakajibu kama 1,400, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kutumia. Hao ni wasomaji waliojitolea kujibu tu, si dunia nzima, lakini utaona kwamba wanaotunga mitihani nao wamo.

Wanaotetea wanasema miwani nayo inaongeza uwezo, na hakuna anayemvua mtu miwani mlangoni. Hoja nzuri. Ila miwani yangu haikulazimishi wewe uvae. Darasa zima likianza kumeza, asiyemeza anahisi amebaki nyuma, hata kama faida yenyewe ni ya kuhisi tu. Kwangu mimi kudesa ni kumwibia mwenzako jibu, na kumeza si kudesa. Kosa lake lipo kwenye kumsukuma mwenzako naye ameze.

15. Ni dhambi? Ni haramu?

Muulize sheikh wako au padri wako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ubishi huu si wa jana. Karne ya 15 masufi wa Yemeni walikunywa kahawa ili wakeshe kwenye dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka akaipiga marufuku, na marufuku hiyo haikudumu. Leo kahawa inanywewa vibarazani mtaa mzima na hakuna anayekumbuka.

16. Tajiri anatupa hela tununue ya kukeshea. Ni vibaya?

Hapa nitakaa kidogo.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku za giza ni usiku juu ya usiku. Mvuvi mmoja alikuja dirishani saa kumi na moja jioni, vidole vina magamba, noti imelowa, anataka "kitu cha kukesha, viwili, cha kwangu na cha mwenzangu." Nikamuuliza hela ni ya nani. Ya tajiri. Nikamuuliza tajiri naye anameza? Akacheka mpaka akashika dirisha. "Tajiri saa hizi anaoga alale, dokta."

Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza dawa ipi, nauliza usiku huu unamfanyia nani. Mwanachuo anayekunywa kahawa kwa ajili ya mtihani wake, hasara na faida viko kwenye mfuko mmoja. Mvuvi anayemezeshwa ili boti isilale, faida inaenda nchi kavu na hasara inabaki majini. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulikuta mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo uwezo wake unashuka sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Tajiri asingewapa bia kabla ya kutoka.

Wenye nguvu zaidi ya tajiri wa dagaa nao wamewahi kuulizwa hili. Aprili 2002 rubani wa Marekani aliwadondoshea bomu wanajeshi wa Kanada huko Afghanistan, wakafa wanne. Mawakili wa utetezi walieleza kwamba marubani walipewa vidonge vya jamii ya amfetamini na jeshi lao wenyewe. Hilo halikumaliza kesi, lakini swali la nani anamezesha nani liliingia mahakamani.

Ukiambiwa umeze au uache kazi, hapo hujachagua. Omba zamu, omba mtu wa tatu kwenye mtumbwi. Najua majibu utakayopewa. Omba hivyohivyo.

17. Mimi ni dereva wa masafa. Nisipotumia nitasinzia.

Zamani kivuko cha Kigongo–Busisi kilikulazimisha kusimama. Madereva walilalamika, nami nilikuwemo, lakini wengi walilalia usukani pale. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka kwa dakika chache, na hakuna aliyepanga usingizi ule uhamie wapi.

Fanya hivi: simama pa salama, kunywa kikombe cha kahawa haraka, lala robo saa. Kafeini inachukua kama dakika ishirini kuanza kazi, kwa hiyo inakukuta unaamka. Mbinu hii ilipimwa kwa madereva Uingereza na ilipunguza kusinzia. Inakuvusha kipande cha safari. Usiku mzima haikuvushi. Tramadoli ambayo baadhi yenu mnaiulizia haina cha kukesha: ni ya maumivu, inalevya, na inaweza kuleta degedege.

18. Nesi au daktari wa zamu je? Si kwa faida ya mgonjwa?

Hili ndilo gumu kuliko yote, na sina jibu la kukata. London walijaribu modafinili kwa madaktari waliokesha: fikra zilikaa sawa kidogo, lakini kazi ya mikono haikuboreka. Mimi nikiwa mgonjwa ningependa nesi aliyelala. Nikikosa huyo, nesi aliyekunywa kahawa. Nisichotaka ni hospitali iache kuajiri nesi wa pili kwa sababu wa kwanza amepewa kidonge. Rudi swali la 16, weka hospitali mahali pa tajiri.

19. Mwanangu wa darasa la sita hashiki masomo. Nimpe nini?

Mama, kwanza tusimpe. Chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani mwaka 2013 kilisema wazi kwamba mtoto asiye na ugonjwa asiandikiwe dawa hizi. Mtoto hajachagua, na ubongo wake bado unajengwa.

Anaoga ziwani? Apimwe kichocho. Pwani yote hii ya ziwa kipo, kinanyonya damu taratibu, mtoto anasinzia darasani anaitwa mvivu. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Apimwe minyoo, malaria, wingi wa damu na macho. Nimeona mtoto "mzito" akipanda kutoka mkiani kwa sababu ya miwani. Angalia chumvi ya nyumbani iwe na madini joto. Angalia pia analala saa ngapi, na simu inalala wapi.

## Yasiyo ya kawaida

20. Nimeshameza, moyo unadunda. Nifanyeje?

Acha kabisa kuongeza, pamoja na kahawa na enaji. Kaa, kunywa maji, usibaki peke yako. Maumivu ya kifua, kuzimia, degedege, kuchanganyikiwa, au mapigo yasiyotulia: nenda hospitali sasa hivi, na beba kifungashio au strip. Mwambie daktari ukweli wote. Hapo anakutibu, hakusomei mashtaka.

21. Nimeona mtandaoni mtu anajipitishia umeme kichwani ili akili ifunguke.

Ipo, maabara, kwa mkondo mdogo sana wa miliampea 1 hadi 2, na matokeo kwa watu wazima wa afya yanapishana. Kijana aliyeniuliza alikuwa na betri ya taa za dagaa. Nilimwomba aiache dukani kwangu mpaka mitihani iishe.

22. Sasa hivi ni saa nne usiku, mtihani ni kesho saa tatu asubuhi. Niambie tu la kufanya.

Funga notsi. Chukua karatasi tupu, andika bila kuchungulia unachokumbuka kwenye mada tatu kubwa, kisha fungua uone ulichokosa. Kujijaribu hivyo kunashikisha kumbukumbu kuliko kusoma tena yaleyale. Limepimwa mara nyingi. Saa tano na nusu zima taa, simu iweke chumba kingine. Ukilala mpaka saa kumi na mbili na nusu umepata saa saba. Asubuhi chai na chapati, kahawa moja kama umeizoea, kama hujaizoea usiianzie leo.

Na usije dirishani. Saa nne na nusu nafunga.